Kitanzi Hakizuii Kisonono

Mwanamke anayetoka zahanati akiwa amewekewa kijiti amepata kinga dhidi ya mimba inayozidi karibu njia nyingine zote. Kati ya wanawake 1,000 wanaokaa na kijiti mwaka mzima, atakayeshika mimba ni mmoja hivi. Kitanzi hakiko mbali na hapo. Lakini jioni ya siku hiyohiyo, mwanamke huyo yuko wazi kwa kisonono, kaswende, klamidia, trikomonasi, malengelenge ya sehemu za siri, homa ya ini aina ya B na VVU kama alivyokuwa asubuhi kabla hajatoka nyumbani. Kijiti hakikumpunguzia hatari hata ya ugonjwa mmoja kati ya hiyo.

Swali la njia ipi ya uzazi wa mpango inakinga pia magonjwa ya zinaa, basi, lina jibu fupi. Kati ya njia za uzazi wa mpango zinazotumika Afrika Mashariki, ni kondomu peke yake, ya kiume na ya kike, inayozuia mimba na kupunguza pia magonjwa ya zinaa. Vidonge vya majira, sindano, vijiti, kitanzi, kufunga kizazi kwa mke au kwa mume, kalenda, kumwaga nje, kunyonyesha, vidonge vya dharura: hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya yote mawili. Ningeweza kuweka kalamu chini hapa. Kinachonizuia ni kwamba jibu hili wahudumu wa afya wanalijua, wateja wengi wamewahi kulisikia, na bado wanawake wanaohudhuria kliniki hizohizo za uzazi wa mpango wanaambukizwa kwa kiwango cha kutisha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza njia inafanya nini ndani ya mwili. Ni lazima tuulize pia inamsaidiaje mtu anayelala na mtu mwingine, mwenye hofu zake, amri zake na siri zake.

Tuanze na mwili. Mimba inahitaji mambo yafuatane: yai lipevuke, mbegu zivuke mlango wa kizazi, mbegu na yai vikutane, kisha yai lililorutubishwa lijishikize kwenye mji wa mimba. Ukikata hatua moja, mimba haipo. Sindano huzuia yai kupevuka. Kijiti na vidonge hufanya hivyo pia na kuuongezea uzito ute wa mlango wa kizazi. Shaba ya kitanzi hulemaza mbegu kabla hazijalifikia yai. Maambukizi hayangoji hatua hizo. Bakteria wa kisonono hujishikiza kwenye mlango wa kizazi, kwenye njia ya mkojo, kooni au kwenye njia ya haja kubwa. Kaswende huingia penye mchubuko mdogo usioonekana. VVU hupenya kwenye utando laini wa uke au wa uume. Ni sawa na mlinzi aliyewekwa chumbani wakati mwizi anaishia sebuleni.

Mwanamume aliyefungwa kizazi naye asijidanganye. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa. Mirija ikikatwa, kinachopungua ni mbegu, na majimaji yanayobaki yanaweza kubeba VVU na kisonono kama kawaida. Kumwaga nje hakusaidii zaidi, kwa kuwa majimaji ya mwanzo yanaweza kuwa na vijidudu, na kaswende na malengelenge hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi tu.

Vidonge vya dharura, ambavyo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaviita P2, vinastahili kusemwa kwa upana kidogo, maana hapo ndipo hofu ya mimba inapojitokeza wazi kuliko hofu nyingine zote. Binti analala na mtu bila kinga Jumamosi, Jumapili anakimbilia duka la dawa, kwa sababu anajua ana saa 72 tu. Hajaambiwa kwamba saa hizohizo 72 zinahesabika pia kwa jambo la pili. Dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini, yaani PEP, hazina budi kuanzwa ndani ya muda huohuo, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Kwa hofu ya mimba amewahi saa zote. Kwa hofu ya VVU hakupewa hata taarifa. Muuza duka aliyempa P2 angeongeza sentensi moja tu: "Mdogo wangu, hii ni ya mimba. Kama humjui hali yake huyo mwenzako, nenda kituo cha afya leo hii, usingoje kesho." Sentensi hiyo haina gharama, na ninaamini inafaa iwe sehemu ya kazi yake kama ilivyo kumweleza mteja namna ya kumeza dawa.

Sasa kondomu, ambayo sifa zake na mipaka yake husimuliwa vibaya na wanaoitetea na wanaoipinga. Wanaopinga husema mpira una matundu ambayo kirusi hupita. Mwaka 2003 Kadinali Alfonso López Trujillo wa Vatikani aliyasema hayo hadharani, na Shirika la Afya Duniani likamkanusha. Ni kweli kwamba VVU ni kidogo mno kuliko mbegu: kipenyo chake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Lakini kondomu ya mpira isiyo na hitilafu, ikijaribiwa maabara, huzuia hata kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambacho ni kidogo zaidi ya VVU. Tatizo la kondomu haliko kwenye mpira wenyewe. Liko kwenye kuvaliwa kwa kuchelewa, kuvuliwa kabla ya wakati, kukaa miezi ndani ya pochi kwenye joto, na kupakwa mafuta. Hili la mafuta lazima lisemwe wazi, hasa kwetu Pwani: mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, losheni, vyote hudhoofisha mpira wa kondomu ya kawaida, na inaweza kupasuka bila wahusika kujua. Kilainishi kinachofaa ni cha maji au cha silikoni.

Wanaoitetea nao hukosea wanapoahidi usalama kamili. Uchambuzi uliokusanya tafiti za wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana ulionyesha kwamba matumizi ya kila mara hupunguza maambukizi kwa karibu asilimia 80. Hiyo ni kinga kubwa, lakini si asilimia 100, na idadi hiyo inahesabu watu halisi pamoja na makosa yao. Kwa kisonono, klamidia na trikomonasi, ambazo husafiri na majimaji, kondomu hufanya kazi vizuri. Kwa kaswende, malengelenge na virusi vya papiloma, HPV, kinga ni pungufu kwa sababu kidonda au ngozi yenye kirusi inaweza kuwa mahali ambapo mpira haufiki. Hata hivyo pungufu si sawa na sifuri. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mjini Seattle, ukachapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba wale ambao wenzao walivaa kondomu kila mara walipata HPV kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 70.

Anayetaka kuona kondomu ikibadili hali ya nchi nzima aitazame Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kondomu itumike kila mara kwenye madanguro yote, bila mteja kuwa na pa kukimbilia. Kati ya mwaka 1989 na 1993 matumizi kwenye ngono ya kulipwa yalipanda kutoka asilimia 14 hadi 94, na wanaume waliofika kliniki za serikali wakiwa na magonjwa ya zinaa wakapungua kwa karibu asilimia 80. Ninalisisitiza jambo moja katika habari hiyo: mzigo haukuachwa kwa mwanamke peke yake amshawishi mteja. Kanuni ilikuwa ya nyumba nzima, na mwenye nyumba ndiye aliyebanwa.

Kati ya njia nyingine zote, hakuna iliyotuletea mjadala mrefu na mzito kama sindano. Hapa swali lilikuwa kali zaidi ya kama inakinga. Watu waliuliza kama inaongeza hatari.

Shaka ilianza kupata uzito Mombasa. Tangu mwaka 1993 watafiti walikuwa wakiwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliohudhuria kliniki ya Ganjoni, wakiwapima mara kwa mara. Matokeo ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba waliotumia sindano aina ya Depo waliambukizwa VVU kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wasioitumia. Tafiti nyingine hazikukuta kitu. Kisha mwaka 2011 ukatolewa utafiti wa jozi 3,790 za wapenzi ambao mmoja alikuwa na VVU, katika nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Nao ulikuta hatari kama maradufu kwa wanawake waliotumia njia za homoni, hasa sindano. Habari hiyo ilitikisa wizara za afya, kwa kuwa sindano ndiyo njia ambayo mamilioni ya wanawake wa bara hili waliichagua.

Ugumu ulikuwa huu. Mwanamke anayechomwa sindano hatofautiani na asiyechomwa kwa sindano peke yake. Ameondokewa na hofu ya mimba, hivyo huenda kondomu ameiacha. Huenda anashiriki tendo mara nyingi zaidi, au mwenzake ni mtu wa aina nyingine. Ukimlinganisha na mwanamke mwingine, hujui kama unapima dawa au unapima maisha. Hesabu za kitakwimu hujaribu kuondoa tofauti hizo, lakini zinategemea watu kueleza kwa ukweli walitumia kondomu mara ngapi, na katika jambo hili watu husema wanachodhani msikilizaji anataka kusikia.

Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa kuwagawa wanawake kwa kura. Ndivyo ulivyofanya utafiti wa ECHO, ulioanza Desemba 2015 na kumaliza ufuatiliaji mwaka 2018. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35, waliokuwa wakitaka njia ya uzazi wa mpango na kukubali kupangiwa, walipewa sindano ya Depo, kitanzi cha shaba au kijiti. Vituo vilikuwa 12: tisa Afrika Kusini, kimoja Eswatini, kimoja Zambia, na kimoja Kisumu, Kenya. Matokeo yalitangazwa Juni 2019. Waliopata VVU wakati wa utafiti walikuwa 397: kundi la sindano 143, la kitanzi 138, la kijiti 116. Hapakuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Miezi miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari iliyokuwa imewekwa kwa sindano, likasema wanawake walio katika hatari ya VVU wanaweza kutumia njia yoyote kati ya hizo.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Utafiti haukuwa na kundi lisilotumia njia yoyote, kwa hiyo unalinganisha njia tatu zenyewe kwa zenyewe. Pia ulipangwa kuona ongezeko kubwa, la asilimia 50 au zaidi. Tofauti ndogo ingeweza kupita bila kuthibitika. Hata hivyo kwa mwanamke anayechagua kati ya sindano, kijiti na kitanzi, hofu ya zamani haina msingi tena wa kumfanya aache njia inayomfaa.

Kilichonishtua mimi katika ECHO ni jumla yenyewe, kuliko tofauti iliyokuwa ikitafutwa. Katika kila wanawake 100, karibu wanne walipata VVU kwa mwaka. Hao si wanawake waliochaguliwa kwa sababu ya kazi ya hatari. Ni wanawake waliokuja kutafuta uzazi wa mpango. Na walikuwa ndani ya utafiti uliowapa ushauri, kondomu, vipimo na matibabu katika kila ziara, huduma bora kuliko anayoipata mteja wa kawaida. Siku ya kwanza walipopimwa, asilimia 18 walikuwa na klamidia na asilimia 5 walikuwa na kisonono. Kwa karibu miaka 30 tuliibishania sindano, huku chumba kizima cha kusubiria, bila kujali nani ana njia ipi, kikiwa kimejaa maambukizi ambayo kliniki haikuwa na kawaida ya kuyatafuta.

Kulikuwa pia na tumaini lililogeuka kuwa madhara, nalo linahusu Nairobi. Dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoksinoli-9, ambayo ilitiwa kwenye povu, jeli, sponji na hata kwenye kondomu, iliua VVU na bakteria wa kisonono maabara. Wengi waliamini hapa ndipo ilipo njia ambayo mwanamke angeweza kuitumia mwenyewe dhidi ya mimba na magonjwa kwa pamoja. Sponji yenye dawa hiyo ilipojaribiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Nairobi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba haikuzuia VVU na kwamba watumiaji walipata vidonda vingi zaidi sehemu za siri. Jaribio kubwa zaidi la jeli, katika Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand, lilithibitisha ubaya huo: waliotumia mara nyingi kwa siku waliambukizwa VVU zaidi ya waliopewa jeli ya kawaida. Dawa inayoyeyusha ganda la mbegu huchubua pia utando wa uke, na penye mchubuko kirusi hupata njia. Atakayekuta maandishi ya nonoksinoli-9 kwenye pakiti ya kondomu au kilainishi ajue kwamba hilo halimwongezei kinga.

Kwa kitanzi maneno machache yanatosha. Sifa yake mbaya ilienezwa na kitanzi kimoja cha Marekani, Dalkon Shield, kilichouzwa kuanzia mwaka 1971. Uzi wake wa nyuzi nyingi zilizosokotwa ulipitisha bakteria hadi ndani ya mji wa mimba, wanawake wakaumia na wengine wakafa, kikaondolewa sokoni mwaka 1974. Vitanzi vya leo vina uzi laini wa namna nyingine. Hatari ya maambukizi ya nyonga, ambayo wengi huyaita PID, huongezeka kidogo katika siku 20 za kwanza baada ya kuwekewa, halafu hushuka. Ndiyo maana ni muhimu mwanamke asiwekewe akiwa na klamidia au kisonono. Akiambukizwa baadaye, kwa kawaida hutibiwa bila kukitoa.

Turudi nyumbani, maana hapo ndipo swali lilipo zito zaidi. Kenya, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa, nyingi zikiwa sindano, asilimia 20, na vijiti, asilimia 19. Tanzania, katika utafiti wa mwaka huohuo, waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 31, vijiti vikiongoza. Kondomu katika ndoa iko chini sana. Wanawake hao hawajakosea. Sindano na kijiti vina sifa ambayo kondomu haina: mwanamke anaweza kuamua peke yake, na pale anapolazimika, kwa siri. Kondomu haifichiki. Kondomu ni ombi linaloelekezwa kwa mume.

Na ombi hilo lina maana mbaya ndani ya ndoa. Mke akiweka pakiti mezani, mume atauliza: "Mama Asha, hizi za nini? Unaniona mgonjwa, au wewe ndiye umepata mtu?" Hakuna jibu salama. Akisema ni za kuzuia mimba, ataambiwa mbona una kijiti. Kadiri njia yake ya kuzuia mimba inavyokuwa imara, ndivyo sababu yake ya heshima ya kuomba kondomu inavyopotea. Jambo hili washauri wa kliniki hulipita haraka wanaposoma orodha yao, "na kumbukeni kutumia kondomu pia," wakati mama aliyeketi mbele yao anawaza jinsi maneno hayo yatakavyopokewa nyumbani. Kondomu ya kike ilitarajiwa kumpa uwezo huo, nayo inafanya kazi, lakini ni ghali, ni adimu, na mume anaiona.

Naamini basi kwamba kumwambia mwanamke atumie njia mbili, moja ya mimba na moja ya magonjwa, ni ushauri sahihi wa kitabibu unaoelekezwa kwa mtu asiye na amri juu ya njia ya pili. Mwanamume ndiye anayeivaa. Lakini mwanamume hayupo kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, na akija anaachwa nje. Kama tunataka kondomu itumike ndani ya ndoa, mazungumzo yaanze naye, kwenye vijiwe vya bodaboda, kazini, msikitini na kanisani, na yahusu kupima kwa pamoja kabla ya kuhusu mpira.

Sehemu ambayo serikali ingeweza kuisahihisha bila kumngoja mume ni kupima. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, magonjwa ya zinaa hutibiwa kwa dalili: una uchafu, una kidonda, una maumivu chini ya kitovu, unapewa dawa za kundi hilo. Utaratibu huu uliokoa wengi mahali pasipo na maabara. Jaribio la Mwanza, lililofanywa kati ya mwaka 1991 na 1994 katika jamii 12 za mkoa huo, liliboresha matibabu ya namna hiyo katika nusu ya jamii hizo, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua huko kwa karibu asilimia 40. Baadaye, Rakai nchini Uganda, dawa ziligawiwa kwa watu wote kwa pamoja na VVU havikupungua. Tofauti hiyo bado inajadiliwa, ingawa sababu mojawapo ni kwamba janga lilikuwa limefika hatua nyingine. La msingi halijabadilika: vidonda na uvimbe wa magonjwa haya hurahisisha VVU kuingia. Udhaifu wa kutibu kwa dalili ni kwamba wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawana dalili yoyote. Anayekuja kuongezewa sindano akionekana mzima hataulizwa kitu, na klamidia inaweza kuendelea kimya hadi mirija yake iharibike, ndipo siku moja akitaka mtoto aambiwe haiwezekani. Mwanamke aliyejitahidi kupanga uzazi anaupoteza kwa ugonjwa ambao kliniki yenyewe haikumpima.

Na akipimwa na kutibiwa yeye tu, mume akaachwa, anaweza kurudi na ugonjwa uleule muda si mrefu.

Kisumu imetupa majibu mengine ambayo yanapaswa kusomwa pamoja na ECHO. Baada ya kuonekana Ufaransa kwamba dawa ya doksisaiklini, ikimezwa baada ya tendo, hupunguza kaswende na klamidia kwa wanaume wanaolala na wanaume, ilijaribiwa kwa wanawake 449 wa Kisumu wenye miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakimeza PrEP, yaani dawa za kuzuia VVU kabla mtu hajawa hatarini. Matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha kinga. Sababu iligunduliwa kwenye nywele: sampuli zilipochunguzwa, dawa ilionekana katika asilimia 29 tu. Wengi hawakuimeza. Sishangai, wala siwalaumu. Kidonge kinachotakiwa kumezwa kila baada ya tendo kinahitaji mahali pa kukiweka, maelezo ya kumpa anayekiona, na imani kwamba kinakufaa.

Chanjo ina habari njema zaidi. Katika Kisumu, Thika na Nairobi, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti wa KEN SHE, uliotoa matokeo mwaka 2022: dozi moja ya chanjo ya HPV ilizuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya aina mbili za kirusi hicho zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Tanzania, iliyoanza chanjo hiyo mwaka 2018, ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 mwezi Aprili 2024. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa watoto wachanga Kenya na Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata, na hakuna njia ya uzazi wa mpango itakayoziba pengo hilo.

Kwa VVU, mwanamke sasa ana kinga anazoweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Kenya ilianza kutoa vidonge vya PrEP kitaifa mwaka 2017. Ipo pete ya dapivirini, inayowekwa ukeni na kubadilishwa kila mwezi, yenye kinga ya wastani. Na ipo lenakapaviri, sindano ya kila miezi 6. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio lililofanywa Afrika Kusini na Uganda yalitangazwa: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike mwezi Julai 2025.

Depo huchomwa kila baada ya miezi 3. Mwanamke anayeifuata kwa utaratibu anafika kliniki mara 4 kwa mwaka, na ziara 2 kati ya hizo zingetosha kumpatia lenakapaviri kwenye kiti kilekile, kwa muuguzi yuleyule, bila kumwambia mtu anatoka kufanya nini. Katika ziara hizohizo anaweza kutoa mkojo au kujichukulia sampuli ya ukeni kwa pamba ili apimwe klamidia na kisonono, na tone la damu kwa kaswende, kwa kuwa lenakapaviri haizuii hata mmoja kati ya magonjwa hayo matatu. Kinachotakiwa ni wizara kuacha kuvitenga vyumba viwili, cha uzazi wa mpango na cha VVU na magonjwa ya zinaa, vyenye bajeti mbili na rejista mbili, kwa mwili wa mwanamke mmoja.